Lori Lililowapisha Wenzake

Kitu cha kwanza Nesta alichokiona asubuhi ile kilikuwa herufi moja. Ilikaa juu ya kioo cha simu yake, pembeni ya alama ya betri: E. Chini yake kulikuwa na E nyingine.

Alikuwa kwenye benchi la Yunisi, mama lishe wa Chapwa, hatua kumi kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Simu yake ilikuwa na laini mbili, moja ya Tanzania na moja ya Zambia, kama simu ya karibu kila mtu mwenye shughuli Tunduma. Watu wa mji huu wamezoea laini moja ife na nyingine ibaki. Mnara wa huku ukisumbua, mtu anapiga kwa wa kule na maisha yanaendelea. Lakini minara ya nchi mbili haiugui kwa pamoja, dakika ileile. Sasa hivi laini zote mbili zilikuwa zimeshuka pamoja hadi kwenye ule mtandao wa zamani ambao mtu anaupata akiwa bondeni shambani.

"Mama, mtandao una shida?" aliuliza.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Hapa kuna malori."

Nesta akarudia. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne kama koplo wa upelelezi, na bado watu walimwomba arudie.

"Leo?" Yunisi akageuza chapati. "Tangu juzi. Wateja wanashindwa kunilipa kwa simu, wananiachia kitambulisho kama wanakwenda jela. Wiki iliyopita ilikuwa kwa wenzangu kule juu karibu na forodha, halafu ikashuka mtaa wa Sogea. Inatembea kama kipindupindu."

"Sogea ilikuwa lini?"

"Ijumaa. Nakumbuka kwa sababu ya yule dada aliyeumizwa."

Nesta aliandika. Yule dada alikuwa Ketrina Mwashiuya, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa Mbozi. Alikuwa ameandika malalamiko juu ya kampuni iliyotaka bonde lao, na vitisho vilipoanza alitoa taarifa kwa Nesta, akakimbilia Tunduma akapanga chumba Sogea. Ijumaa jioni wanaume watatu waliingia kwenye nyumba ile. Hawakugonga mlango wa kwanza wala wa pili. Walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nne, wakamvunja taya kwa chuma cha jeki. Chumba kile alikuwa amekaa siku mbili. Laini yake ya simu nayo ilikuwa na siku mbili.

Inspekta Watson, mkuu wa Nesta, alikuwa na jibu tayari: Lusubilo, fundi simu wa stendi, ndiye aliyemsajilia Ketrina ile laini, basi ndiye aliyeiuza namba. Lusubilo alikuwa mahabusu tangu Jumapili. Leo ilikuwa Jumatano, Lusubilo yuko ndani, na E iko nje inatembea. Nesta aliamini kuna mashine inayojifanya mnara ili kutafuta watu kwa simu zao.

Ketrina sasa alifichwa Mpemba, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, taya limefungwa kwa waya. Daktari alikataa asafirishwe. Simu yake ilizimwa kutwa, isipokuwa saa saba mchana. Saa hiyo mwanawe wa miaka sita, Angel, alikuwa akirudi kutoka shuleni huko Mbebe na kupiga kwa simu ya bibi yake. Ketrina hakuweza kusema. Alisikiliza tu, akagonga simu kwa kidole ili mtoto ajue mama yupo. Nesta alimwomba aache kwa siku chache. Ketrina aliandika kwenye daftari neno moja: Hapana.

"Mama Yunisi, kwenye foleni hii kuna dereva amekaa siku nyingi na halalamiki?"

Yunisi akacheka hadi mwiko ukatikisika. "Huyo ni Efraimu. Madereva wanamwita Mchungaji. Wewe unaijua foleni hii, mukwai. Mtu akikuchomekea hatua mbili, mnashikana mashati. Mwezi uliopita Mkongo mmoja alitolewa meno kwa ajili ya nafasi. Efraimu anapisha. Anatoa mkono dirishani, piteni, piteni. Akikaribia geti anageuza, anarudi mkiani kuanza upya. Nikamuuliza, wewe huna mke nyumbani? Akasema, mama, mimi nalipwa kwa siku."

"Hakuna dereva wa foleni hii anayelipwa kwa siku."

"Ndiyo nikasema, mwenzetu kabarikiwa."

"Anakula hapa?"

"Kila siku. Anachukua sahani mbili. Kijana mwembamba vile, sijui anapeleka wapi."

"Lori lake likoje?"

"Jeupe, turubai la bluu." Yunisi alinyoosha mwiko kuelekea barabarani, ambako malori meupe yenye turubai la bluu yalipangana hadi macho yalipokoma. "Injini haizimwi mchana kutwa. Namba sijui. Mimi nasoma sura za watu."

Nesta alitazama simu. Herufi zilikuwa zimeondoka. Laini zote mbili zilikuwa zimerudi kuwa nzima. Lori lilikuwa limesogea, na mkia wa foleni wiki hii ulikuwa umefika Mpemba.

Ilikuwa saa nne kasoro robo.

*

Inspekta Watson alimsikiliza akiwa amesimama.

"Lori la mizigo inayopita nchini lina lakiri ya forodha," alisema. "Siwezi kuikata kwa sababu mama lishe kaona sahani mbili. Niletee namba ya lori na karatasi inayosema mzigo ni wa uongo. Nikiwa na hivyo viwili, ofisa wa forodha anakuja kukata mwenyewe."

Karatasi ilikuwa kwa Alinanuswe, wakili aliyemsaidia Ketrina kuandika malalamiko. Alikuwa amepokea nyaraka usiku kutoka kwa wakili mwenzake wa Ulaya, kwenye nchi ambako mashine ilitengenezwa. Kwenye nyaraka hizo kulikuwa na jina la wakala wa forodha wa Tunduma. Saa nne na nusu wakala huyo, Ombeni, alikuwa ameketi mbele ya Nesta na Alinanuswe kwenye chumba cha mahojiano, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ikakata.

"Koplo, nina mizigo sita getini," alisema. "Tufanye haraka, nitawatumia soda."

Nesta alisukuma karatasi ya kwanza. "Hii ni yako?"

"Sahihi yangu. Vipimo vya mvua, maboksi arobaini, vinakwenda ng'ambo kwenye Taasisi ya Utafiti wa Mvua. Kuna kosa gani? Mvua inapimwa."

"Taasisi iko mtaa gani?"

"Wakala hafiki mtaani. Wakala anapeleka karatasi."

Nesta hakusema kitu. Hii ilikuwa njia yake, na haikutoka chuoni. Alikuwa mtu wa kukosa maneno, akagundua kwamba wengi hawawezi kukaa na ukimya, wanaujaza wenyewe. Ombeni aliujaza.

"Kwanza mzigo wenyewe haujavuka. Kuna hitilafu ndogo ya malipo ya kule. Kila muda wa kupita nchini ukiisha naongezewa. Ni jambo la kawaida kabisa."

"Umeongezewa mara ngapi?"

"Mara tatu. Nne."

Alinanuswe akaweka karatasi ya pili. Alikuwa mzee kidogo, na alizungumza taratibu kama anayesomea watu barua ya msiba.

"Hii ni leseni ya kutoa mzigo kwenye nchi yao," alisema. "Koplo, sikiliza uone uchafu wake. Kuna vitu vinavyoweza kusaidia na vinavyoweza kuumiza. Nchi zinazovitengeneza zimekubaliana kwamba haviuzwi kama ndoo. Anayeuza anaomba kibali, na anaulizwa nani atakuwa mtumiaji wa mwisho, na atakitumia kufanya nini. Ikionekana kitu kitatumika kukanyaga haki za watu, kibali kinakataliwa. Maneno mazuri. Nimeyasoma mara nyingi."

"Hiyo ni sheria ya Wazungu," Ombeni alisema. "Sisi hapa hatukuisaini."

"Kweli, hatukuisaini. Lakini kama haikuwa na nguvu, kwa nini mliandika mvua?"

Ombeni akaangalia saa kwenye simu yake, akairudisha mezani.

"Na muuzaji naye," Alinanuswe aliendelea, "msidhani alidanganywa. Hii hapa ratiba ya mafunzo aliyoitoa kwa mteja wake, siku tatu hotelini. Siku ya kwanza, kuvuta simu za eneo zima ziamini mashine ni mnara. Siku ya pili, kumtafuta mtu mmoja kwa namba yake. Siku ya tatu, kumjua mtu aliyebadilisha laini kwa kuangalia wale wanaompigia. Mvua haina namba ya simu. Alijua anachouza. Akatia alama kwenye kisanduku, akapeleka fomu, ofisa wa kule akagonga muhuri, wakaenda kula."

"Atafanywa nini?" Nesta aliuliza.

"Watachunguza miaka mitatu, minne. Labda faini. Faini ataiweka kwenye bei ya mashine inayofuata."

Nesta aligeuka kwa Ombeni.

"Vipimo vya mvua vinatumia dizeli?"

"Nini?"

"Injini ya lori inaunguruma kutwa. Limesimama. Nani anatumia umeme ndani ya mzigo wenye lakiri?"

"Muulize dereva."

"Nipe namba ya lori nimuulize."

"Hiyo ni siri ya mteja, Koplo. Mimi nina maadili ya kazi."

Simu ya Ombeni ilikuwa juu ya meza, kioo kikitazama juu. Ikatetemeka. Alinyoosha mkono haraka, lakini Nesta alikuwa ameshaona, na kuona ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Aliusoma ujumbe taratibu, kwa ile sauti yake ndogo.

"Mkeo. Saa nne na dakika hamsini. Kampigia kaka yake, dakika nne. Yupo sokoni."

Nesta aliisukuma simu mbele ya Ombeni.

"Hii ni nini, bwana Ombeni?"

"Ni zawadi tu." Ombeni alitabasamu upande mmoja. "Wateja wakipata huduma nzuri wanakuongezea. Wengine wanapewa kalenda. Wao waliniuliza, una namba yoyote ungependa? Mwanaume yeyote angesema hivyohivyo. Wakili hapa ana mke, anaelewa."

"Usinitie humo," Alinanuswe alisema.

"Tangu lini?" Nesta aliuliza.

"Miezi miwili."

"Na umepata nini?"

"Hakuna kitu. Ni kaka zake, na fundi cherehani. Na kuna siku alilia kwa dada yake." Alisema hivyo kama mtu anayelalamikia bidhaa mbovu.

Nesta alifuta vidole kwenye sketi, ingawa hakuwa ameshika kitu. Ukutani ilikuwa saa tano na dakika tano. Alitoa simu yake mwenyewe, akaiweka mezani.

"Kaka zake mkeo wako wangapi?"

"Saba. Kwa nini?"

"Nitampigia mkeo nimsomee ujumbe huu. Kisha nitakuruhusu uende nyumbani."

Sheria ya nchi haikumtisha Ombeni, wala ya nje. Lakini sasa shingo yake iliingia kwenye ile kola nzuri kama ya kobe. Aliomba maji, na hakupewa. Baada ya muda akaomba kalamu, akaandika namba ya kichwa cha lori na ya tela, na chini yake kwa herufi ndogo: Kuna mtu ndani. Anaingilia sakafuni, lakiri haiguswi.

*

Ofisa wa forodha aliyetakiwa kukata lakiri alikuwa kwenye kikao. Inspekta Watson alimtoa kikaoni saa sita na dakika kumi. Foleni ilikuwa imebana barabara nzima, kwa hiyo waliacha gari la polisi Chapwa wakapanda bodaboda tatu, ofisa wa forodha akiwa amekumbatia mkasi mkubwa wa chuma kama mtoto mchanga. Waliipata namba saa saba kasoro dakika tisa, karibu kabisa na Mpemba. Paa jekundu la nyumba ya wageni ya kanisa lilionekana nyuma ya mahindi.

Dereva alikuwa na uso wa upole kweli. Alipoona bodaboda alitoa mkono dirishani.

"Piteni, piteni," alisema.

"Shuka, Efraimu," Inspekta Watson alimwambia.

"Karibuni, mkuu. Kuna tatizo? Mimi ni wa kuamrishwa tu."

Ofisa wa forodha aliitazama lakiri, akaandika namba yake, akaikata mbele ya wote. Turubai lilipofunguliwa, harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Mkojo wa siku nyingi, mchuzi uliochacha, na joto la mashine. Chupa za maji zilipangwa ukutani, ishirini au zaidi, zimejaa rangi ya njano, vifuniko vimekazwa vizuri. Katikati ya maboksi matupu ya vipimo vya mvua palikuwa na kiti cha plastiki, na juu yake mwanaume mnene wa makamo, amevaa vesti, anakula ubwabwa wa Yunisi. Mbele yake kioo kiliwaka. Hakusimama.

"Msiguse kitu," alisema huku anatafuna. "Vitu hivi ni ghali."

"Zima," Nesta alisema.

"Una hati, dada? Kuna utaratibu wa kuzima. Ukiuvunja taarifa zinapotea, halafu utanilaumu mimi fundi."

Saa saba kasoro dakika nne. Kwenye kioo orodha ilikuwa inashuka polepole, mistari mia mbili na zaidi. Hakuna aliyeandikwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mke wa Ombeni. Mchungaji wa Isongole. Mkunga mdomo. Shangazi wa yule. Mwanamke wa kahawa. Nyingine zilikuwa na maneno ambayo Nesta asingeyarudia hata mahakamani.

"Nani anawapa namba hizi?"

"Wateja. Tunakodisha. Wengine wiki, wengine siku moja. Mimi sisikilizi maneno ya watu, dada, naangalia namba tu. Kama daktari wa meno. Haangalii uso."

"Huyu wa kahawa, nani aliyemkodia?"

"Hizo ziko kwa bosi. Ila huyo alitusumbua." Fundi aliramba kidole, akagusa mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza macho yake yaliamka kama ya mtu anayependa kazi yake. "Aliitupa laini yake ya zamani, akapotea. Tukafanya kama tulivyofundishwa. Unamfuata aliye karibu naye, utampata. Tazama."

Mstari ulifunguka. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni. Polisi bubu ampigia namba mpya, Sogea, sekunde arobaini. Chini yake: Namba mpya ni mwanamke wa kahawa. Mteja ameambiwa.

Namba ya yule polisi bubu ilikuwa na tarakimu kumi. Nesta hakuhitaji kuzisoma zote.

Inspekta Watson alikuwa anapiga picha chupa. Hakuwa ameangalia kioo bado.

"Piga picha ya hiki pia, mkuu," Nesta alimwambia. "Huu mstari. Karibu, isomeke."

Inspekta alipiga. Akasoma. Akamtazama Nesta, kisha akatazama pembeni.

Saa saba kasoro dakika mbili. Fundi alianza tena kueleza utaratibu wa kuzima. Nesta aliinama, akafuata kwa mkono waya mnene uliotoka kwenye injini, mpaka akafika palipounganishwa, akang'oa. Kioo kikawa cheusi. Fundi alisema neno la matusi, na kijiko chake kikaanguka kati ya chupa.

*

Alinawa mikono mara mbili kwenye bomba la kanisa, kwa sabuni ya kufulia. Harufu haikutoka yote.

Ketrina alikuwa ameketi kitandani, simu imebanwa sikioni. Sauti ya mtoto ilisikika hadi mlangoni, nyembamba, inaeleza habari ya mbuzi aliyeingia darasani na mwalimu aliyepanda juu ya dawati. Ketrina aligonga simu kwa kidole mara mbili. Mtoto akaendelea. Machozi yalimtoka Ketrina, lakini ilikuwa kwa sababu ya kuzuia kicheko, maana waya zilimuuma akicheka.

Nesta alisubiri. Simu ilipokatika alimweleza: lori, tela, fundi, Ombeni. Alimwambia anaweza kuiwasha simu saa yoyote sasa. Walioingia chumbani Sogea walikuwa hawajapatikana, lakini jina la aliyewatuma lingetafutwa kwa bosi wa fundi, na namba ya bosi huyo ilikuwa kwenye simu ya Ombeni. Ketrina alimshika mkono akaubana. Kisha akavuta daftari na kuandika, akamgeuzia.

Lusubilo ndiye aliyewapa namba yangu? Mungu amsamehe. Nilimwamini.

Ilikuwa rahisi kutikisa kichwa na kuondoka. Lusubilo angetolewa jioni kwa kukosekana ushahidi, mji ungeendelea kumtazama vile utakavyo, na Inspekta Watson alikuwa tayari ameshaonyesha kwamba hataongea.

Nesta alivuta kiti. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya na haikuhitaji kurudiwa.

"Si Lusubilo. Ni mimi, dada Ketrina. Ijumaa nilikupigia kwa simu yangu kukuuliza kama umekula, na wao walikuwa wananifuata mimi. Nilihisi hivyo tangu Jumamosi asubuhi, niliposimama mlangoni kwako na kuiona damu. Nikanyamaza, nikamwacha yule fundi alale mahabusu siku tatu, kwa sababu niliona aibu kusema."